Mafungu Manane na Chasisi Moja



Tumeombwa tueleze habari ya gari la marehemu baba yetu, Allah amrehemu, kwa kuwa majirani wetu wa Bongwe wamekuwa wakituuliza maswali mawili. La kwanza: gari lililokaa miaka mitatu chini ya mkorosho bila kuguswa limerudije barabarani? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: mbona gari ni lile lile, lakini namba si ile? Swali hili la pili ndilo lililotutaabisha zaidi, na kwa ajili yake tumekubali kuandika.

Gari na kazi yake

Baba alilinunua mnadani mwaka 1989. Lilikuwa Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, tena ile ndefu ya inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Alfajiri lilibeba samaki na barafu kutoka Gazi na Msambweni hadi Ukunda. Mchana lilibeba mchanga, makuti na boriti za wajenzi. Usiku wa masika, njia zetu zinapogeuka tope na teksi zikakataa kushuka, lilibeba wagonjwa na waja wazito kwenda Hospitali ya Msambweni. Lilibeba pia majeneza. Nauli ya samaki baba aliidai hadi senti ya mwisho. Nauli ya jeneza hakuitaja maishani mwake.

Alifariki mwaka 2021. Tulikuwa wana watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, pamoja na mama yetu. Tulianza na madeni, kama inavyotakiwa. Yalikuwa mawili, moja la vipuri na jingine la mfanyabiashara wa samaki, nayo tukayalipa. Kisha tulikwenda Mahakama ya Kadhi, Kwale, kwa ajili ya mirathi. Mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, alipata thumuni. Sehemu saba zilizobaki tukagawana sisi, wa kiume akichukua mara mbili ya wa kike. Hesabu ilitoka safi kuliko tulivyotarajia: mafungu manane, mama moja, kila dada moja, kila kaka mawili.

Shamba hupimwa na nazi huhesabiwa, lakini gari halikatwi vipande vinane likabaki gari. Kwa hiyo lilisimama chini ya mkorosho. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara tatu, na mara ya tatu alitaja shilingi 64,000, yaani 8,000 kwa kila fungu. Kaka yetu mkubwa alitaka tuuze, kwa maana mwanawe alikuwa anaingia sekondari na karo ilikuwa mlangoni. Kaka yetu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa utingo wa baba, alitaka tulifufue. Dada yetu aliye kazini Muscat alituma sauti kwa simu akisema atafuata litakaloamuliwa, kisha akalia, basi tukajua analotaka. Mama hakusema kitu. Miezi ikapita, na salamu baina ya kaka zetu wawili zikaanza kupungua maneno.

Hatumlaumu kaka mkubwa. Haki yake ilikuwa haki, na mtoto wake hakuweza kusoma kwa kumbukumbu za babu. Hatimaye, mwanzoni mwa mwaka 2024, mama alituita barazani akauliza swali moja tu: “Anayetaka pesa anadai ngapi?” Jibu lilikuwa 16,000, thamani ya mafungu mawili. Mama na dada watatu walichanga 4,000 kila mmoja. Tuliandika karatasi, tukatia saini mbele ya mashahidi wawili, na kaka akachukua haki yake siku ile ile. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani tumeona nyumba nyingi ambamo mali ya marehemu huachwa ioze kwa sababu kila mrithi anaona haya kutamka anachodai.

Kutu iliyojificha

Kwa macho, gari halikuwa baya. Mabati yake yalikuwa na mikunjo lakini hayakuwa na kutu. Sababu yake ni ya kihistoria. Land Rover ilitokea Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ikaonyeshwa kwa umma mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo chuma kilikuwa haba nchini humo na kikigawiwa kwa vibali, ilhali aluminiamu iliyokuwa ikitumika kuundia ndege ilipatikana. Basi mwili wa gari ukatengenezwa kwa aluminiamu, na desturi hiyo ikaendelea. Hata hivyo, chasisi, yaani ule uti wa mgongo unaobeba injini, magurudumu na mwili wote, ilibaki ya chuma.

Chasisi hiyo si pau ngumu kama wengi wetu tulivyodhani. Ni mabamba ya chuma yaliyounganishwa kuwa sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji ya chumvi yakishaingia humo hayaonekani wala hayakauki upesi, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Sasa fikirini miaka thelathini ya barafu ya samaki ikiyeyuka na kuchuruzika sakafuni, pamoja na upepo wa bahari usiku na mchana. Tulikuwa tukiosha gari kila Ijumaa likang'aa, na uti wake ukiliwa.

Fundi wetu wa Ukunda hakutazama rangi. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chasisi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma. Mama alikuwa wa kwanza kuelewa: ndivyo tunavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hunyamaza. Sehemu ya mbele ililia. Kuanzia katikati sauti ikawa nzito, na karibu na springi za nyuma fundi aliweka nyundo chini, akachukua bisibisi, akaisukuma kwa mkono. Ilizama hadi kwenye mpini.

Tuliuliza kama kiraka kingefaa. Alisema kiraka hushikwa na chuma, na hapa hapana chuma cha kukishika; akichomelea leo, kesho kitang'oka pamoja na kipande jirani, huenda siku gari limebeba watu. Lililobaki ni kutafuta chasisi nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokufa, kisha kuhamishia juu yake kila kilichokuwa kizima katika gari la baba. Tulipata faraja baadaye tuliposoma kwamba gari la kwanza la majaribio la Land Rover, lililojengwa mwaka 1947 na Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover, liliundwa juu ya chasisi ya Jeep. Kumbe gari hili tangu asili yake lilisimama kwa mgongo wa kuazima.

Chasisi isiyo na jina

Ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Iligongwa, ikalia kote. Bei yake ilikuwa shilingi 25,000, na aliyeileta alikuwa na haraka.

Kila chasisi ya aina hii ina namba iliyopigwa chumani, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Namba hiyo hiyo huandikwa kwenye kibao kilichomo ndani ya gari na katika kitabu cha gari. Ndilo jina lake. Ile namba ya usajili tunayoiona barabarani hufuata jina hilo, wala jina haliifuati. Dada yetu mdogo, ambaye ni mwalimu, alipiga magoti kwa tochi akatafuta namba. Alipata mahali palipolainishwa kwa mashine ya kusaga chuma na kupakwa rangi mpya.

Muuzaji alisema ni kutu iliyosafishwa. Kaka mdogo alinyamaza muda mrefu, kwani aliitamani mno ile chasisi. Mama aliuliza, “Mwenyewe ni nani?” Hakupata jina. Akasema mali ya shubha haiingii katika gari litakalobeba majeneza ya Waislamu, akarudi jikoni. Muuzaji aliondoka na chasisi yake, nasi tukabaki miezi minne bila kitu. Tukiri kwamba katika miezi hiyo si sote tuliokuwa na hakika kwamba mama alifanya sawa.

Kinango

Iliyotufaa ilitoka Kinango. Fundi ndiye aliyeelekeza huko, na sababu yake ilikuwa ya akili: Kinango ni bara ya Kwale, nchi kavu, mbali na upepo wa chumvi, na chuma cha huko huishi. Tulimkuta mzee mmoja wa Kiduruma ambaye Land Rover yake, pia ya Series III na ndefu kama yetu, ilipinduka ikiwa imebeba mapipa ya maji ya ng'ombe. Mwili ulisagika na injini ilikuwa imekufa zamani. Chasisi ilikuwa imesimama juu ya mawe, na mbuzi wakilala kivulini mwake.

Mzee aliingia ndani akatoka na kitabu cha gari, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Dada mwalimu alisoma namba ya kitabuni, nasi tukaitazama ya chumani, tarakimu kwa tarakimu. Zililingana. Tulikubaliana shilingi 55,000, ghali zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na uhamisho wa umiliki ukafanywa kwa njia ya eCitizen kabla chasisi haijapanda lori.

Kazi ya ua wetu

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka, kwa kuwa tulijenga kadiri pesa zilivyopatikana. Gari la baba lilifunguliwa kipande kwa kipande uani kwetu. Mama alitoa mikebe yote mitupu ya samli, na dada mwalimu akaandika juu ya kila mkebe: skrubu za mlango wa kushoto, nati za springi ya nyuma, na kadhalika. Fundi alikiri kwamba magari mengi yaliyofunguliwa hayafungwi tena kwa sababu ya kukosa mikebe tu.

Chasisi ya Kinango ilisimamishwa juu ya matofali ya matumbawe, ikasawazishwa kwa timazi na pima maji. Kisha ikaja hofu kubwa: gari lililopinduka huenda limepinda uti, na uti uliopinda hula matairi na huvuta usukani upande mmoja. Kipimo chake hakihitaji mashine. Dada wawili walishika uzi wa mwashi, wakapima kutoka pembe ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Nyuzi mbili zikilingana, umbo halikusukumwa upande. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa kidole kidogo, na fundi akasema inavumilika.

Baada ya hapo ilikuwa ni jasho. Kutu ya juu iliondolewa kwa brashi ya waya. Nyufa mbili zilichomelewa. Chuma kilipakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha lami kwa chini, na oili ikamiminwa ndani ya lile sanduku, ikazungushwa hadi ikadondoka kwenye matundu. Pale aluminiamu inapogusa chuma, tulitia vipande vya mpira, kwa sababu metali hizo mbili zikikutana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe. Springi za baba zilirudi na bushi mpya. Breki zote zilikuwa mpya. Hapo hatukubana senti. Mama alishona viti kwa turubai, kwa cherehani ile ile aliyotushonea sare za shule.

Wengi hutuuliza gharama, nasi hatuoni sababu ya kuficha. Chasisi 55,000, lori la kuileta 10,000, kuchomelea na rangi 38,000, breki 31,000, matairi manne 52,000, nyaya, mabomba na vitu vidogo 24,000. Jumla ni shilingi 210,000, mbali na zile 16,000 za kaka. Zaidi ya nusu ilitoka kwa dada wa Muscat na chama cha mama. Kila mchango uliandikwa daftarini kwa jina na tarehe.

Namba

Injini iliwaka siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, na watoto wa jirani wakashangilia. Ndipo lilipokuja jambo tulilokuwa tumelikwepa mwaka mzima.

Mwili ulikuwa wa baba, injini ya baba, viti na milango ya baba. Lakini chasisi ilikuwa na jina jingine, na kisheria gari lilikuwa lile la Kinango. Namba ya baba, ambayo kila mtoto wa Bongwe aliijua kwa moyo, haikuwa na gari tena. Msaidizi mmoja wa kazi alitupa suluhisho kwa nia njema kabisa. Alisema namba ya Kinango yaweza kusagwa, ikapigwa ya baba mahali pake. “Zote mbili ni zenu,” alisema. “Mnamwibia nani?”

Tulilala na swali hilo siku tatu. Kusema kweli lilikuwa na nguvu. Hapakuwa na mwizi, hapakuwa na aliyedhulumiwa. Kaka mdogo alisema waziwazi kwamba bila namba ile hilo si gari la baba, ni gari la mtu tu.

Kwa upande wa serikali jibu halikuwa na utata: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari amjulishe msajili mambo yaliyoandikwa katika usajili yanapobadilika, na kuchezea namba ya chasisi ni kosa. Lakini lililotuamua lilikuwa jambo la nyumbani. Dada mwalimu alikumbusha pale alipopiga magoti kwa tochi, akakuta chuma kilicholainishwa. Alisema tukisaga namba hii, siku moja mtoto wa mtu mwingine atapiga magoti mbele ya gari letu, ataona alichokiona yeye, na atatudhania tulivyomdhania yule muuzaji. Mama akaongeza, “Baba yenu hakuacha namba. Aliacha gari na madeni mawili, na madeni mmeyalipa.”

Tulimjulisha msajili kwamba gari la baba halitarudi barabarani, na mabamba yake ya namba tukayarudisha. Gari lililojengwa lilipelekwa kwenye ukaguzi likiwa na namba ya Kinango. Na kwa kuwa injini ilikuwa imebadilishwa, nayo ilibidi isajiliwe upya. Hivyo leo, katika usajili wa gari lililokuwa likibeba maji ya ng'ombe wa Kinango, imeandikwa namba ya injini ya baba yetu. Kaka mdogo aliisoma mara mbili, kisha akaenda kuwasha gari.

Kwa familia zinazofikiria kazi kama hii

Tuna machache ya kuwaambia, hasa dada zetu, ambao mara nyingi huombwa pesa kwanza na kuelezwa baadaye. Malizeni mirathi kabla ya kugusa spana. Anayetaka fungu lake apewe, na iandikwe. Msinunue chasisi bila kitabu na bila mwenyewe, hata ikilia kama kengele. Someni namba wenyewe, kwa macho yenu, chumani. Badilisheni umiliki kabla ya kubeba mzigo. Na wekeni daftari la michango, kwa kuwa gari likishatembea kila mtu hukumbuka alichotoa na kusahau alichotoa mwenzake.

Imebaki habari ya chasisi ya zamani. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara ya nne, akaipima kwa kilo, akatupa shilingi 3,200. Mama alitandika jamvi akagawa kwa mafungu yalivyo sasa: 600 zake, 600 kwa kila dada, 800 kwa kaka mdogo. Kaka mkubwa alikuwepo. Alikuwa ameuza haki yake, na hakudai kitu. Alikaa pembeni akitazama baharini.

Mama alizikunja zile 600 zake akamwekea mkononi. Alipokataa, mama alimwambia, “Hizi si za mirathi. Ni za petroli. Kesho kuna maziko Kinondo, na ndugu yako ana homa. Wewe ndiye utakayeendesha.”